Insulini na Mafuta ya Damu Baada ya Mlo

Popote ulipo, iwe uko jikoni Lavington ukitayarisha chakula cha watoto, uko Kawangware ukipanga mboga kibandani, au umekwama kwenye msongamano wa magari Barabara ya James Gichuru, tega sikio. Mazungumzo ya leo yanakuhusu wewe mama, na wewe mlezi, kwa sababu wewe ndiye unayeamua kitakachoingia chunguni.

Tuchukue mfano wa mama mmoja, mkaazi wa Lavington. Ana umri wa miaka 42 na watoto watatu, na anamtunza mama mkwe wake nyumbani. Kazi yake ni ya ofisini mjini. Asubuhi moja anapimwa sukari kabla ya kula chochote, na jibu ni 6.4. Muuguzi anamweleza kwamba hiyo bado si kisukari, lakini si ya kawaida pia. Mama anasikia ile sehemu ya kwanza tu, na anarudi nyumbani akimshukuru Mungu.

Wiki mbili baadaye anapata majibu ya kipimo cha mafuta ya damu. Mafuta yanayoitwa trigliseridi ni 2.6, ilhali yanatakiwa kuwa chini ya 1.7 mtu akipimwa kabla ya kula. Hapo mama anashangaa. "Daktari," anauliza, "mimi niliacha nyama ya mafuta zamani. Siku nyingi ninakula ugali, wali na chai. Haya mafuta yametoka wapi?"

Mpenzi msikilizaji, hilo ndilo swali letu la leo. Jibu lake litawashangaza wengi.

Hali ya kukaribia kisukari

Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Kisukari cha watu wazima hakiji ghafla. Kabla yake huja miaka kadhaa ambapo sukari imepanda kidogo, lakini haijafikia kiwango cha kuitwa ugonjwa. Hiyo ndiyo hali ya kukaribia kisukari.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mtu ambaye hajala, na sukari yake ni kati ya 6.1 na 6.9, yuko katika hali hiyo. Ikifika 7.0 na kurudi vivyo hivyo inapopimwa tena, hicho ni kisukari. Kuna pia kipimo cha kunywa maji yenye glukosi na kupimwa baada ya muda wa saa 2. Jibu likiwa kati ya 7.8 na 11.0, hiyo nayo ni hali ya kukaribia kisukari.

Shida ni kwamba hali hii haiumi. Hakuna kiu kali, wala kwenda msalani kila mara. Mtu huendelea na shughuli zake kama kawaida. Utafiti mkubwa wa Wizara ya Afya na Shirika la Taifa la Takwimu wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu watu wazima tisa kati ya kila kumi nchini Kenya hawakuwa wamewahi kupimwa sukari hata mara moja. Mawingu yametanda, lakini hatujatazama juu.

Kazi tatu za insulini

Wengi wetu tunaijua insulini kama dawa ya sindano. Dawa hiyo ilipatikana Toronto, nchini Kanada, mwaka 1921, na mgonjwa wa kwanza alidungwa Januari 1922. Lakini insulini si ya chupa tu. Kila mtu mwenye afya huitengeneza mwilini mwake, katika kiungo kilichojificha nyuma ya tumbo, kinachoitwa kongosho.

Tumezoea kusikia kwamba kazi ya insulini ni kushusha sukari. Ni kweli. Lakini insulini pia ndiyo inayosimamia mafuta ya damu baada ya kula, na hapa ndipo watu wengi hawajaambiwa.

Fikiria ghala lenye lango na bawabu. Ukila chakula chenye mafuta, utumbo huyafunga mafuta hayo katika vifurushi vidogo sana na kuyaingiza katika damu. Vifurushi hivyo husafiri katika mishipa kama mikokoteni iliyobeba mizigo kutoka sokoni. Mizigo lazima ishushwe mahali fulani. Insulini ndiyo bawabu, na kazi zake ni tatu.

Kazi ya kwanza ni kufungua lango la mbele. Katika kuta za mishipa midogo ya damu kuna kimeng'enya kinachovunja mafuta yaliyo kwenye vifurushi ili yaweze kuingia ghalani, yaani katika chembechembe zinazohifadhi mafuta. Insulini hukipa kimeng'enya hicho nguvu baada ya mlo. Mikokoteni inashusha mizigo, na barabara inabaki wazi.

Kazi ya pili ni kufunga mlango wa nyuma. Mtu akiwa na njaa, ghala hutoa mafuta polepole ili mwili upate nguvu. Lakini akishakula hakuna haja ya kutoa, kwa sababu chakula kipya kimefika. Insulini huliambia ghala, "Funga, usitoe kitu sasa."

Kazi ya tatu ni kulituliza ini. Ini nalo hutengeneza vifurushi vyake vya mafuta na kuvituma katika damu. Baada ya mlo, insulini huliambia ini, "Ngoja kwanza, barabara imejaa."

Mwili ukimsikia bawabu huyu, mafuta hupanda taratibu baada ya mlo, hufika kilele baada ya muda wa saa 3 au 4 hivi, kisha hushuka. Baada ya muda wa saa 6 hadi 8 damu imerudi hali yake.

Bawabu asiposikizwa

Sasa, katika hali ya kukaribia kisukari, bawabu yupo na anapiga kelele, lakini hasikizwi. Wataalamu huiita hali hii usugu wa mwili kwa insulini. Huletwa zaidi na mafuta yaliyojikusanya tumboni na ndani ya ini, pamoja na kukaa bila kuutumia mwili. Umri na urithi wa familia pia huchangia. Kongosho hujitahidi na kutoa insulini nyingi zaidi ili mwili usikie. Kwa muda, sukari haipandi sana. Ndiyo maana kipimo cha sukari kinaweza kuonekana kizuri kiasi huku mambo ya mafuta yameanza kuharibika.

Tazama kinachotokea. Lango la mbele linafunguka nusu, kwa hiyo mikokoteni inachelewa kushusha. Mlango wa nyuma haufungwi vizuri, kwa hiyo ghala linaendelea kutoa mafuta wakati ambao lingenyamaza. Mafuta hayo yanamiminika kwenye ini. Ini nalo, ambalo halisikii amri ya kungoja, linayafunga na kuyarudisha katika damu. Ni kama jioni pale Lavington, magari yanatoka kila upande na hakuna anayemwachia mwenzake nafasi.

Basi turudi kwa mama yetu. Mafuta yake yalitoka wapi? Kwanza, mengi yalitoka katika ghala lake mwenyewe, kupitia mlango wa nyuma usiofungwa. Pili, yalitoka katika ugali, wali na sukari vilivyozidi mahitaji ya mwili, kwa maana ini hugeuza wanga na sukari iliyozidi kuwa mafuta. Tatu, yalitoka katika mafuta ya kupikia ya milo iliyopita, ambayo hayakuwahi kushushwa yote. Kwa hiyo mtu anaweza kuacha nyama ya mafuta kabisa, na bado damu yake ikawa na mafuta mengi.

Saa za mlo na saa za damu

Hebu tuihesabu siku ya mtu wa Nairobi. Saa moja asubuhi, chai ya maziwa na mandazi. Saa nne, chai nyingine na kitu cha kutafuna. Saa saba mchana, chipsi au chapati na maharagwe. Saa kumi na moja jioni, chai tena. Na kwa sababu ya msongamano, chakula cha jioni kinaliwa saa tatu usiku, nacho ndicho kikubwa kuliko vyote. Baada ya hapo, kitandani.

Kumbuka kwamba mafuta ya mlo mmoja yanahitaji muda wa saa 6 hadi 8 kuondoka, na kwa mwenye usugu wa insulini hukawia zaidi. Ina maana kwamba mkokoteni wa asubuhi haujaondoka, na wa mchana umefika. Wa mchana haujashusha, na wa usiku unapiga hodi. Damu inakaa na mafuta mchana kutwa, na sehemu kubwa ya usiku pia.

Je, kuna madhara gani? Vifurushi vinavyokawia katika damu hupungua na kubaki makombo. Makombo hayo ni madogo kiasi cha kupenya kuta za mishipa na kuacha humo kolesteroli. Wakati huo huo, kolesteroli ile nzuri, inayosaidia kusafisha mishipa, hupungua. Mwaka baada ya mwaka mishipa hunenepa kwa ndani na kuziba. Mwisho wake ni mshtuko wa moyo, au kiharusi. Mpenzi msikilizaji, haya yanaweza kuanza kabla mtu hajaambiwa kwamba ana kisukari. Ndiyo maana hatusemi, "Ni 6.4 tu, nitangoja nione."

Si ugonjwa wa matajiri

Kuna wanaodhani haya ni mambo ya watu wa nyumba za ghorofa na magari. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu jamii za Waluo, Wakamba na Wamaasai vijijini, pamoja na watu wa mjini, ulionyesha kwamba kisukari kilikuwa kingi mara kadhaa mjini kuliko vijijini. Na mjini ni kwetu sote. Soda, chipsi na mafuta ya kukaangia vinapatikana Lavington, na vinapatikana Kawangware.

Tazama jambo moja. Kila asubuhi kina dada wengi hutoka Kawangware kwa miguu kwenda kufanya kazi katika nyumba za Lavington. Wanatembea nusu saa au zaidi, na jioni wanarudi vivyo hivyo. Wengine hutembea kwa sababu nauli haitoshi. Lakini mwendo huo ni dawa ambayo mwajiri wao, aliyeketi ndani ya gari, haipati. Naye askari wa getini, anayekaa usiku kucha na kula mlo mkubwa saa sita usiku, yuko hatarini hata kama mshahara wake ni mdogo.

Tufanye nini?

Habari njema ni kwamba hali hii inaweza kurudi nyuma. Mwaka 2002 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani wa watu zaidi ya 3,000 waliokuwa wamekaribia kisukari. Waliofundishwa kupunguza uzito kwa asilimia 7 na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58. Waliopewa vidonge vya metformini waliupunguza kwa asilimia 31. Miguu na sahani vilishinda vidonge! Kwa mama wa kilo 80, asilimia 7 ni kama kilo tano na nusu. Si lazima uwe mwembamba kama msichana.

Kwanza, panga sahani upya. Nusu ya sahani iwe mboga: sukuma wiki, mchicha, kabichi, managu. Robo iwe maharagwe, ndengu, samaki, kuku au mayai. Robo iliyobaki ndiyo ya ugali, wali au viazi. Usiweke ugali, chapati na viazi katika sahani moja. Githeri yenye maharagwe mengi kuliko mahindi ni chakula kizuri sana.

Pili, punguza sukari ya kunywa. Soda moja ya kawaida ya mililita 300 huweza kuwa na vijiko saba au vinane vya chai vya sukari. Sukari hiyo huenda moja kwa moja kulipa ini kazi ya kutengeneza mafuta. Chai nayo, kama unatia vijiko vitatu, anza na viwili wiki hii. Pombe pia huongeza mafuta ya damu.

Tatu, pima mafuta ya kupikia. Badala ya kumimina kutoka kwenye mtungi, tumia kijiko. Penda mafuta ya maji kuliko yale ya kuganda. Mafuta yaliyokaangia chipsi jana yasikaangie mandazi leo.

Nne, tembea. Misuli inayofanya kazi huchukua sukari hata pale insulini inaposikizwa kidogo. Na kuna jambo zuri zaidi: mtu akitembea kwa haraka leo jioni, mafuta ya damu baada ya mlo wa kesho yake hayapandi sana kama ambavyo yangepanda asingetembea. Yaani unatembea leo kwa ajili ya chakula cha kesho. Shuka matatu kituo kimoja kabla ya chako. Baada ya kula, usiende kwenye kochi mara moja. Osha vyombo, zunguka kidogo.

Tano, chakula cha jioni kiwe kidogo na kiliwe mapema. Mlo mkubwa ukiweza, uhamishie mchana.

Sita, jipime kiuno. Mwanamke ambaye kiuno chake kimezidi sentimita 80, na mwanamume aliyezidi sentimita 94, wanafaa kupimwa sukari na mafuta. Vivyo hivyo mwenye mzazi au ndugu aliye na kisukari, na mwenye presha.

Neno kwa akina mama na walezi

Mama uliyewahi kuwa na kisukari cha ujauzito, sikiliza vizuri. Sukari ikishuka baada ya kujifungua, wengi husahau. Usisahau. Rudi kupimwa kati ya wiki ya 6 na ya 12, kisha endelea kupimwa kila baada ya muda utakaoelezwa na daktari. Uko katika hatari kubwa kuliko mama mwingine, na pia una nafasi nzuri ya kujikinga kwa sababu umeonywa mapema.

Unayemtunza mzee nyumbani, usimpikie chungu chake peke yake kama mtu anayeadhibiwa. Chakula tulichokitaja kinamfaa kila mtu mezani. Lakini kama mzee tayari anatumia dawa za kisukari, usipunguze chakula chake wala kumrukisha mlo kabla ya kuzungumza na daktari, kwa maana sukari inaweza kushuka mno.

Na mtoto mchanga? Mtoto wa chini ya miaka miwili anahitaji mafuta kwa ajili ya ubongo na kukua kwake. Usimnyime maziwa wala mafuta kwa sababu ya tuliyosema leo. Kinachofaa kupunguzwa kwake ni soda na peremende.

Kama mpishi ni dada anayekusaidia nyumbani, keti naye mzungumze. Mweleze sababu, si amri tu. Naye ana mwili wake wa kuulinda.

Maswali ambayo wasikilizaji huuliza

"Je, nianze kudungwa insulini?" Hapana. Katika hali ya kukaribia kisukari insulini ipo mwilini, mara nyingi nyingi kuliko kawaida. Shida ni kwamba haisikizwi. Kutembea na kupunguza kiuno ndiko kunakoufungua mwili masikio. Kama kuna dawa inayohitajika, daktari ataamua.

"Mimi ni mwembamba, je, niko salama?" Si lazima. Mtu mwembamba anaweza kuwa na mafuta ndani ya tumbo na kwenye ini. Urithi nao una nguvu. Kipimo ndicho kitakachosema.

"Je, niache mafuta kabisa?" Usiache. Mwili unayahitaji. Ukiondoa mafuta yote na kujaza nafasi hiyo kwa wali na mkate mweupe, trigliseridi inaweza hata kupanda.

Ya kukumbuka

Insulini husimamia sukari na mafuta pia. Katika hali ya kukaribia kisukari, mafuta hukawia katika damu baada ya kila mlo, hata kama mtu hahisi lolote. Mafuta hayo hutoka katika nyama na vyakula vya kukaanga, lakini pia hutoka katika wanga, sukari na ghala la mwili wenyewe. Ukiambiwa sukari imepanda kidogo, omba upimwe na mafuta ya damu. Kisha anza na sahani na miguu yako.

Yule mama wa mfano wetu, daktari hakumpa dawa siku hiyo. Alimpa miezi mitatu, na kazi ya kufanya: nusu sahani ya mboga, chai bila sukari, chakula cha jioni kabla ya saa mbili, na kutembea kila jioni na watoto wake kuzunguka mtaa. Kisha arudi kupimwa tena. Kazi hiyo unaweza kuianza wewe pia jioni ya leo, bila kungoja kuambiwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mweleze na jirani yako.